Noti ya 500 imefutwa, Nkrumah imebaki: hivi kituo cha wanafunzi Mlimani ni wapi hasa, na siku yake ni ipi?

#1 Suruali ya Zamani

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa nafua jinzi iliyokaa kwenye begi tangu nihame Sinza. Mfukoni nikakuta noti ya shilingi 500, ile yenye Mzee Karume mbele, na nyuma wahitimu wamejipanga nje ya Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Furaha ilidumu dakika mbili. Mke wangu akanikumbusha kwamba Benki Kuu ilishaiondoa na muda wa kubadilisha uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Kwa hiyo picha ninayo, hela sina.

Nikabaki naitazama tu. Tarehe 25 Oktoba 2026 chuo kinatimiza miaka 65. Hoja yangu: Nkrumah ndicho kituo cha wanafunzi wa nchi hii, yaani mahali pao pa kukutania, na miaka 65 ya chuo ndiyo miaka 65 ya Nkrumah. Kwenye hizo sherehe, badala ya hotuba za wakubwa, wanafunzi wa zamani wote tukutane pale mlangoni, kila mtu na boksi lake la chipsi.

Mnaopinga pingeni kwa hoja. Nawasilisha.

#2 Wakili wa Kona

Mkuu, umeanza na kosa. Tarehe 25 Oktoba 1961 Mlimani palikuwa kilima na majani. Chuo kilianzia mjini, Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kitivo kimoja tu, sheria, na wanafunzi 14. Huko kilimani Mwalimu alikwenda kupafungua rasmi tarehe 21 Agosti 1964.

Kwa hiyo ukitaka siku ya kukutana mlangoni, nenda Lumumba ukakutane na walinzi wa chama.

#3 Mhasibu Mstaafu

Walikuwa 13.

#4 Wakili wa Kona

14.

#5 Mhasibu Mstaafu

Nimesoma 13 kwenye maandishi ya watu wenye heshima zao.

#6 BintiYombo

Ninyi wazee wenye 13 nadhani mmemsahau mwanamke, kama kawaida yenu 😂. Julie Manning ndiye mwanamke wa kwanza kusoma sheria pale, na mwaka 1975 Mwalimu akampa Wizara ya Sheria. Haya mhesabuni upya.

#7 Kampala Road

Banange, miaka 65 ndiyo mnapigia ngoma? Sisi Makerere tulitimiza 100 mwaka 2022. Jengo letu kuu liliungua Septemba 2020, tukalijenga tena, likafunguliwa 2024, na mbele yake Freedom Square iko palepale. Kituo cha wanafunzi hakiulizwi kiko wapi. Unakiona.

#8 Suruali ya Zamani

Kampala Road karibu. Ila kumbuka kati ya 1963 na 1970 sisi, ninyi na Nairobi tulikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na pamoja na hiyo 100 yenu, rais wenu Museveni alisomea wapi?

#9 Kampala Road

Hapo umenipiga chini ya mkanda. Naendelea kusoma kimya.

#10 Mzee wa 69

Vijana, shikamooni mnaostahili na marahaba kwa wengine.

Niliingia Mlimani mwaka 1969. Nimesoma uzi huu nikacheka, maana mnauliza kituo kana kwamba kituo ni jengo. Wakati wetu kituo kilikuwa watu. Palikuwa na USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, kilichoanzishwa 1967. Mwenyekiti wake alikuwa huyohuyo Museveni mnayemtania Kampala Road naye. Mwishoni mwa 1968 alikwenda na wenzake mpaka maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO huko Msumbiji, wakarudi na hadithi ambazo hakuna mhadhiri angeweza kuzitoa darasani.

Jumapili asubuhi wenzetu wakienda kanisani, sisi tulikuwa na madarasa yetu ya siasa. Hakuna mtihani, hakuna cheti, na watu walijaa. Mtu unasoma kitabu wiki nzima kwa sababu Jumapili utaulizwa, na atakayekuuliza ni mwenzako anayekaa chumba cha jirani. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, akiwepo, hakuna aliyeangalia saa. Nimekaa kwenye mabaraza mengi tangu siku hizo, yakiwemo ya watu wanaolipwa posho kwa kukaa, sijaona tena kitu kama kile.

Halafu Novemba 1969 ikaanza Cheche, jarida letu la wanafunzi. Karim Hirji na wenzake ndio waliokuwa wakiihariri. Mwaka uliofuata Issa Shivji akaandika humo ile makala yake ndefu kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, watu wakaigombania. Haikutimiza miaka miwili. Novemba 1970 USARF na Cheche vikapigwa marufuku kwa pamoja. Mkitafuta siku ya kituo cha wanafunzi, itafuteni kwenye miaka hiyo. Tofali halina habari.

#11 Dogo wa Daruso

Shikamoo mzee. Kwa nini wafunge Cheche wakati serikali yenyewe ilikuwa ya kijamaa? Sielewi.

#12 Mzee wa 69

Marahaba. Tuliambiwa mambo mawili. Kwanza, jina Cheche limetafsiriwa kutoka gazeti la Lenin, kwa hiyo tunaleta itikadi ya kigeni. Jina hilohilo Nkrumah naye aliwahi kulitumia kwa gazeti lake, lakini hilo halikutajwa. Pili, chama cha vijana wa TANU kina tawi chuoni, linatosha. Baadaye tawi hilo nalo likaanzisha jarida, likaliita MajiMaji, na walioandika humo wengi ni walewale. Ukimziba mtu mdomo atatumia pua.

#13 Mhasibu Mstaafu

Mzee wa 69, nakuheshimu, lakini msiwapambe sana. USARF walikuwa wachache. Wanafunzi wengi walikuwa wakitafuta digrii, kazi serikalini na gari. Mimi kaka yangu alikuwepo 1968, siku ile ya Rag Day. Hamkuwaachia watu raha yao, mkawatoa upepo matairi ya magari!

#14 Dogo wa Daruso

Rag Day ndiyo nini jamani?

#15 Mzee wa 69

Desturi ya vyuo vya Uingereza. Wanafunzi wanavaa matambara, wanapanda malori, wanazunguka mjini wakichekesha watu na kuchangisha fedha za maskini. Novemba 1968 USARF wakasema hii ni dharau. Mtoto wa mkulima anasomeshwa bure kwa jasho la wakulima, halafu anajivika matambara kumwigiza baba yake. Matairi yakatolewa upepo, ndiyo. Mimi sikuwepo bado, nilihadithiwa, na sitaki kusema uongo kwamba nilishika pampu.

Kuhusu uchache, Mhasibu unasema kweli. Lakini wale wengi wa kaka yako walijaa ukumbini kusikiliza kila sisi wachache tulipoalika mtu.

#16 Wakili wa Kona

Kwa kuwa tumefika huko, nipendekeze tarehe ambayo hakuna mkubwa atakayeisherehekea: 22 Oktoba 1966.

Serikali ilitaka wahitimu wote wapitie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa muda mwingi wa hiyo miaka wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakavaa majoho yao, wakaandamana mpaka Ikulu, na bango mojawapo likisema afadhali ukoloni. Mwalimu akawasikiliza, halafu akawarudisha makwao 393, wengi wa chuo kikuu na wengine wa vyuo vya jirani. Siku hiyohiyo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushee baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha.

Sasa angalieni kalenda. 22 Oktoba 1966, siku tatu kabla chuo hakijatimiza miaka mitano. Ile siku ya miaka mitano ilifika mamia ya wanafunzi wakiwa wametimuliwa. Mnaona mnachokisherehekea?

#17 Suruali ya Zamani

Duh. Hiyo ya siku tatu sikuwahi kuifikiria.

#18 Mama Mitihani

Mimi naomba nisimame na Mwalimu kwenye hilo. Nchi ina miaka mitano, watu wanalima kwa mkono, wewe unayesoma bure unadai mshahara kamili? Angekuwa mzazi wangu angenirudisha mwenyewe, tena kwa fimbo. Walirudishwa chuoni baadaye na wakawa mawaziri na majaji wetu. Hakuna aliyepotea.

#19 Wakili wa Kona

Mama, hoja ya mshahara nakupa. Lakini bango la mishahara ya mawaziri nalo lilikuwepo, na ndiyo maana Mwalimu akaanza kujikata mwenyewe. Waliotimuliwa walikuwa na pointi moja sahihi na aliyewatimua aliijua.

#20 Mkenya Mpole

Wadau wa Bongo, hamjambo. Mimi niko Kisumu, baba yangu alisomea sheria huko kwenu. Wakati wa kile chuo kimoja cha Afrika Mashariki, kitivo cha sheria kilikuwa Dar, kwa hiyo Wakenya wengi walikuja. Jaji Mkuu wetu mstaafu Willy Mutunga ni zao la Mlimani.

Ninachotaka kuongeza ni hili. Mwaka 1971 rais wa DUSO, serikali ya wanafunzi wenu, alikuwa Mkenya, Akivaga. Aliandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, kulalamikia uongozi. Julai hiyo askari wa FFU, wale wa kutuliza ghasia, wakamchukua kampasi na akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakagoma, na walimu wengi wakasimama nao.

Mimi hunishangaza kitu kimoja. Sio kukamatwa, hiyo hata kwetu ilikuwa kawaida. Kinachonishangaza ni kwamba wanafunzi wa Tanzania walimchagua Mkenya awe rais wao na hakuna aliyeuliza kitambulisho. Leo jaribu hivyo kwa chuo chochote cha kwetu au chenu uone kura zitaendaje.

#21 Mzee wa 69

Kijana wa Kisumu, asante. Umenikumbusha mbali sana. Siku ile hakuna aliyesema "Mkenya amechukuliwa". Tulisema "rais amechukuliwa".

#22 Kimbweta Mkongwe

Nimesoma kuanzia mwanzo. Historia nzuri, lakini wote mmekosea mahali. Kituo cha wanafunzi Mlimani ni KIMBWETA.

Kwa msiojua, vimbweta ni zile meza na mabenchi ya zege chini ya miti. Pale ndipo desa, yaani notisi za kunakili, linapogawanwa, ndipo boom, fedha ya kujikimu, linapohesabiwa kabla halijaisha, ndipo mtu wa sapu, mwenye mtihani wa kurudia, anapofarijiwa na mtu wa disko, aliyeondolewa kwa kufeli, anapoagwa. Nimempata mke wangu kwenye kimbweta. Nilikuwa namfundisha takwimu, nilidhani namfundisha. Siku ya mtihani akapata A, mimi C. Hadi leo akitaka kunimaliza ananiuliza, "Mwalimu, vipi ile C?"

Nkrumah nimeingia mara tatu kwa miaka mitatu. Kimbweta nimekaa mpaka suruali ikatoboka.

#23 BintiYombo

Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Na tumbili je? Mbona huwataji wanakamati wa kudumu? Niliacha chapati mezani nikageuka kumsalimia mtu, nilipogeuka tena nikamkuta mwenye nchi anaikunja vizuri kabisa kama bahasha.

#24 Dogo wa Daruso

Hivi kimbweta maana yake nini? Nimetafuta kwenye kamusi nikarudi mikono mitupu.

#25 Kimbweta Mkongwe

Kila mtu ana hadithi yake na kila hadithi ina muhusika aliyekuwa na jina hilo. Mimi nimeacha kuuliza. Kaa, soma.

#26 Mpishi Mdogo

Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo nimeona nichangie.

Mama yangu alikuwa jikoni kafeteria miaka ya 70 mpaka mwanzoni mwa 90. Mimi nimekulia kwenye nyumba za wafanyakazi, sijawahi kuwa mwanafunzi pale hata siku moja. Kwa macho ya mtoto, kituo cha wanafunzi kilikuwa kafeteria, hakuna kingine. Wote walikula pale, chakula kililipiwa na serikali. Mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima walishika trei ileile, wakasimama foleni ileile, na mama akawapimia kwa upawa uleule. Mama alikuwa anajua mgomo kabla ya makamu mkuu wa chuo. Alikuwa anasema, "Leo wanakula kimya, kesho kuna jambo." Wakila na kelele, hakuna neno.

Ilipokuja sera ya kuchangia gharama, mwanzoni mwa miaka ya 90, mwanafunzi akapewa fedha mkononi akale anakotaka. Mmoja akaenda kwa mama ntilie, mwingine akapika chumbani kwa jiko la umeme la kuficha, mwingine akanywa chai mara moja kwa siku ili atume hela kijijini. Mama alisema foleni ilipokufa, na zile kelele zikafa. Mimi naamini hapo ndipo kituo kilipovunjika. Wasomi mtanisahihisha.

#27 Mzee wa 69

Mwanangu, hakuna wa kukusahihisha. Kama mama yupo mpe salamu za mtu aliyekuwa akiomba ukoko.

#28 Mpishi Mdogo

Alitangulia 2011. Asante mzee. Waomba ukoko walikuwa wengi, alikuwa anawacheka.

#29 Mhasibu Mstaafu

Pole sana ndugu. Bonge la mchango.

Ila mimi naona kituo kilikufa mapema zaidi, na kilikufa kwa karatasi. Azimio la Musoma, Novemba 1974. Baada ya hapo kijana akimaliza kidato cha sita hakwenda moja kwa moja chuoni. Alipitia JKT, akafanya kazi, ndipo akaombewa nafasi na mwajiri na chama. Chuo kikajaa watu wazima wenye wake, watoto na barua ya katibu wa tawi mfukoni. Mtu wa namna hiyo hapandi juu ya kimbweta kuhutubia. Ana shamba la kulipia.

#30 Wakili wa Kona

Mbona Machi 1978 waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge? Hao ndio watu wazima wako wa Musoma. Wakafukuzwa pia. Nadharia yako imekufa ikiwa na miaka minne.

#31 Mhasibu Mstaafu

Waliandamana, wakafukuzwa, na baada ya hapo DUSO ikawekwa pembeni ikaja MUWATA, jumuiya mpya ya wanafunzi iliyokuwa chini ya mbawa za chama. Kwa hiyo nadharia yangu ina mguu mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, inatembea.

#32 Wakili wa Kona

Inachechemea.

#33 Asha wa Takwimu

Naomba niseme kitu ambacho wanaume hapa mnakizunguka. Mnakumbuka mikusanyiko kama vile kila mtu alikaribishwa sawa. Mmemsahau Mzee Punch?

Kwa wadogo: yalikuwa maandishi na michoro bila jina la mwandishi, yanabandikwa ukutani usiku, asubuhi watu wanajaa kusoma. Watetezi wake wanasema ilikuwa sauti ya wanyonge dhidi ya viongozi. Sawa, ilianza hivyo. Lakini msichana akimkataa mwanaume, au akitembea tofauti na walivyotaka, picha yake ikapanda ukutani, na wenzake wakaambiwa wasiongee naye. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Ndipo Punch ikapigwa marufuku.

Kwa hiyo mkisema kituo kilikuwa ukuta ule, kafeteria ile, foleni ile, jueni kulikuwa na watu waliopita njia ya nyuma wakitembea haraka.

#34 Mama Mitihani

Asante Asha. Nilikuwa nasubiri nani atathubutu.

#35 Mzee wa 69

Asha, wakati wetu Punch ilikuwa dhidi ya wakubwa, hivyo ndivyo ninavyoikumbuka. Lakini pia wasichana walikuwa wachache sana, na sikumbuki kuwauliza waliionaje. Nimeipokea.

#36 Msela wa Mabibo

Jamani mbona kama msiba? Turudi kwenye mada. Mimi ni wa kizazi cha Mabibo, nilikaa hosteli kule, asubuhi tunagombania daladala kama tunakwenda Kariakoo. Kituo cha wanafunzi ni kituo cha daladala, imeandikwa hadi kwenye kibao 😂😂

Nikiwa siriasi: tulitawanywa kijiografia. Muhimbili ikawa chuo chake na Ardhi ikawa chuo chake, zote 2007. Kilimo kilishaondoka na kuwa Sokoine, Morogoro, tangu 1984. Vyuo vishiriki vya ualimu, Chang'ombe na Mkwawa ya Iringa, vikaanzishwa 2005. Halafu 2017 zikafunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 ya kulala watu 3,840. Hizo angalau zilirudisha watu karibu na kampasi. Mgomo gani utauitisha wakati daktari yuko Upanga, mpima ardhi ana mkuu wake wa chuo, na mwalimu yuko Iringa?

#37 Kampala Road

Nimerudi. Kwa hiyo mlikuwa chuo kimoja na sisi, mkaachana. Halafu mkaachana na Muhimbili, Ardhi na Morogoro. Ninyi mna tabia ya talaka.

#38 Suruali ya Zamani

Nimeishiwa maneno.

#39 Dogo wa Daruso

Naomba na sisi wa sasa tusikilizwe. Tuna magrupu ya WhatsApp kwa kila kozi, kila hosteli, kila kanda. Jambo likitokea saa mbili usiku, saa mbili na dakika tano watu elfu wanajua. Ninyi mlisubiri Jumapili. Kwa nini mnasema kituo kimekufa? Kimehamia mfukoni.

#40 Mpishi Mdogo

Mdogo wangu, mama yangu angekuuliza: mnakula kimya au kwa kelele?

#41 Dogo wa Daruso

... tunakula tukiangalia simu 😔

#42 Mwenye Tai Fupi

Kituo cha sasa ni Mlimani City, lile jengo la maduka, tuache kujidanganya. Ilifunguliwa 2006 kwenye ardhi ya chuo. Mwanafunzi akipata boom anakwenda wapi? Na si wanafunzi tu. Novemba 30, 2022 Rais Samia alipotunukiwa shahada ya heshima ya udaktari, shughuli ilifanyika Mlimani City. Noti inaonyesha wahitimu mbele ya Nkrumah, mahafali yenyewe unapaki gari karibu na duka la viatu.

#43 BintiYombo

Hii imeniuma kwa sababu ni kweli.

#44 Kimbweta Mkongwe

Ila Nkrumah haijafa. Aprili 2009, tamasha la kwanza la Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa pale chuoni, Shivji akiwa ndiye wa kwanza kukikalia, alikuja Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria. Nilifika nusu saa kabla nikidhani nimewahi. Sikupata hata pa kuegemea. Nilisikilizia nje na wenzangu kama watu wanaosikiliza mpira kwenye redio ya jirani. Neno moja linafika, mawili yanapotea, tunaulizana "kasemaje?" Aliyekuwa karibu na dirisha akawa anatutafsiria, na nahisi nusu alijitungia. Raha yake sijaipata tena.

#45 Mkenya Mpole

Swali moja kabla sijalala. Kwa nini ukumbi ukaitwa Nkrumah? Nyerere na Nkrumah si walirushiana maneno Cairo Julai 1964 kwenye mkutano wa OAU? Mmoja anataka serikali moja ya Afrika sasa hivi, mwingine anasema tuanze na shirikisho la jirani.

#46 Mzee wa 69

Kugombana kwa hoja si uadui. Nkrumah alipinduliwa tarehe 24 Februari 1966, Mwalimu aliwakasirikia waliompindua. Mimi nalisoma jina lile kama mkono wa pole.

#47 Wakili wa Kona

Mimi nalisoma tofauti. Chuo kilikuwa cha London juzi tu, kilihitaji kuonyesha ni cha Afrika. Jina la Nkrumah lilikuwa kubwa kuliko ugomvi wa Cairo.

#48 Mama Mitihani

Na mimi nalisoma hivi: ukitaka vijana wapige kelele, wape ukumbi wenye jina la mpiga kelele, kisha uweke askari karibu.

#49 Mhasibu Mstaafu

Mama Mitihani leo ameamka na nani?

#50 Msela wa Mabibo

Kwa hiyo tarehe ni ipi sasa? Hesabu yangu: 25 Oktoba 1961 ya Suruali. 21 Agosti 1964 ya kilima. 22 Oktoba 1966 ya Wakili. Novemba 1969 ya Mzee. Kuna na 1 Julai 1970, chuo kilipojitegemea, ambayo hakuna hata mmoja aliyeitetea, masikini. Kafeteria na kimbweta hazina vyeti vya kuzaliwa.

#51 Wakili wa Kona

22 Oktoba. Sirudi nyuma.

#52 Kimbweta Mkongwe

Siku yoyote boom likiingia.

#53 Mpishi Mdogo

Siku yoyote ya wali maharage. Ilikuwa na foleni ndefu.

#54 Suruali ya Zamani

Wakuu asanteni, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Kosa langu la tarehe nimelikubali. Boksi la chipsi nalifuta, tutaleta wali maharage. Asha, ule mlango wa nyuma uwe ndio wa kuingilia.

Mzee wa 69, ukija nitakuletea hii noti, uiweke kwenye fremu.

#55 Mzee wa 69

Nitakuja nikiwa hai na magoti yakiniruhusu. Noti kaa nayo. Niletee ukoko.

#56 Mwenye Tai Fupi

Hiyo noti nanunua 2,000. Nitumie namba inbox.

#57 Mhasibu Mstaafu

Mimi 2,500. Na walikuwa 13.